Jiwe jeusi la kioo kwenye sanamu ndogo: vanishi, brashi, resini au kitako cha chupa?

Dirishani kwangu hapa Moshi pamepangwa mawe matano, kila moja ukubwa wa yai la kware. Yote yanataka kuonekana obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalometa kama kioo, maana ni kioo kweli. Mawili yanadanganya vizuri. Moja linadanganya ukisimama mbali. Moja halidanganyi hata mtoto. La tano haliigizi kitu, ni kitako cha chupa, na ndilo lililonichana kidole.

Nilianza kuyatengeneza kwa sababu kazi mbili ziligongana mwezi mmoja. Ya kwanza ilikuwa mfano wa Kibo, upana wa meza ya kahawa, wa kuweka mapokezi kwenye kampuni ya kupandisha wageni mlimani, ili mwongozaji aonyeshe njia ya Machame inavyozunguka kabla watu hawajafunga mabegi. Ya pili ililetwa na kijana anayecheza michezo ya mezani na wenzake kila Jumamosi: sanamu tatu za plastiki, milimita 32 kila moja, mashujaa walioshika rungu lenye meno ya obsidiani. Nikajiambia njia moja itamaliza zote mbili. Haikumaliza. Kilichofaa mlimani kiliharibu sanamu, na kilichofaa sanamu kingenilaza macho mwaka mzima kama ningekipeleka mlimani.

Kabla ya kununua chochote

Angalia jiwe lenyewe kwanza. Wengi wanaoniletea kazi ya aina hii wameshapaka jiwe rangi nyeusi, wakalimwagia vanishi, halafu wanauliza mbona linafanana na tairi lililooshwa.

Obsidiani huzaliwa lava yenye silika nyingi inapopoa haraka kiasi kwamba fuwele hazipati muda wa kujijenga. Haina punje, haina njia maalumu ya kupasukia kama mbao. Ukiipiga inameguka kwa mikunjo ya mviringo, kama ndani ya kombe la pwani, na mara nyingi utaona mawimbi madogo yanayotoka pale ilipogongwa. Pembeni inakuwa kali kuliko wembe. Watu wa zamani waliijua thamani ya ukali huo: Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, wanaakiolojia wamekuta vipande vya obsidiani vilivyotoka upande wa Naivasha, zaidi ya kilomita 300. Hakuna anayebeba jiwe umbali huo kwa sababu ni jeusi. Walibeba makali. Na makali ndiyo mchoraji anapaswa kuyachora kwanza, kung'aa kunafuata.

Kingine ni rangi ya pembeni. Kipande kinene ni cheusi tii, lakini ukingo wake mwembamba ukiuinua kwenye mwanga unapitisha nuru, na unaiona rangi ya moshi au ya chai ya rangi kwenye glasi. Kipaji chote cha jiwe hili kimekaa kwenye hizo milimita mbili za pembeni.

Waongozaji wa hapa mjini huonyesha wageni vipande vyeusi vinavyometa kwenye miteremko ya Kibo, kwa hiyo ukiwa na ndugu anayepanda utajaribiwa kumwambia akushushie kimoja. Usifanye hivyo. Ile ni hifadhi ya taifa, jiwe haliondolewi. Mwombe picha. Mwambie apige kipande kilekile mara tatu, akisogea hatua moja kila mara, uone mng'ao unavyohama. Picha hizo tatu zitakufundisha kuliko jiwe lililolala mfukoni.

Taa haipungui

Hili lilinichukua muda kulielewa, na sasa ndilo ninaloamulia kila kitu. Mtu wa mita 1.75 akifupishwa kuwa milimita 32, amepunguzwa kama mara 55. Rungu lake limepungua, viatu vyake vimepungua, mwamba anaosimama umepungua. Taa ya chumbani kwako haijapungua. Dirisha lako halijapungua. Ukipaka vanishi ya kung'aa kwenye jino la rungu lenye ukubwa wa punje ya mchele, linachoakisi ni balbu yako ya sebuleni, siyo anga la vita analopigana yule shujaa. Jicho la mtazamaji linasema "plastiki" kabla hata hajajua kwa nini.

Kwenye mwamba wa upana wa kiganja hali inabadilika. Uso ni mkubwa wa kutosha kushika picha ya dirisha, mtu akizunguka meza mng'ao unahama naye, na akili inakubali kwamba hiki ni kioo. Pale vanishi inakufanyia kazi bure.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe ipi ni nzuri. Pima uso mmoja bapa wa jiwe lako. Ukiwa mdogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, chora mwanga kwa mkono. Ukiwa mkubwa kuliko kidole gumba, acha mwanga wa kweli uingie. Katikati ya hapo unachanganya.

Jiwe la kwanza: nyeusi na vanishi ya kung'aa

Ndiyo njia ya haraka na ya bei nafuu, na imechafuliwa jina na watu wanaoifanya vibaya. Siri yake haiko kwenye chupa ya vanishi, iko kwenye kisu. Jiwe likiwa na umbo la kiazi, vanishi italifanya kiazi kinachong'aa. Mimi nachonga kwa unga wa jipsam, ule wa mafundi dari, nikiumimina kwenye kopo na kusubiri ukauke. Halafu nachota mabonde kwa ncha ya kijiko cha chai iliyonolewa kidogo, kila bonde likikutana na jirani yake kwenye ukingo mkali. Nasugua na msasa laini mpaka uso ule uteleze. Punje moja ya mchanga ikibaki chini ya vanishi inapiga kelele.

Rangi ya chini isiwe nyeusi peke yake. Tia tone la bluu iliyokoza, na kwenye kingo pitisha kahawia nyembamba sana, ile ya chai. Kwenye chupa inaonekana haitasaidia kitu, lakini ikishafunikwa na vanishi inaonekana kutoka ndani.

Vanishi zenyewe zinatofautiana. Ya akriliki inayochanganyika na maji haina harufu kali, inakauka haraka, na unaweza kupaka tabaka tatu au nne nyembamba kwa siku moja. Ya poliuretani ya mafundi samani inatoa kioo kinene na kigumu, inavumilia vidole vya watu, lakini inaelekea kuwa ya njano kadiri siku zinavyokwenda. Juu ya nyeusi huoni, juu ya mstari mweupe utaona. Halafu kuna rangi ya kucha isiyo na rangi kutoka duka la vipodozi, bei ya chipsi mayai, na inang'aa kuliko zote. Nayo ina mtego: kimiminika chake kinayeyusha akriliki. Mara ya kwanza niliirudia mara mbili palepale kama napaka kucha za bibi harusi, ikakokota mistari yangu meupe ndani ya nyeusi, jiwe likawa na rangi ya maji ya kuoshea brashi. Paka mara moja, mkono mwepesi, usirudi. Kwenye plastiki tupu isiyo na rangi chini usiiweke kabisa.

Adui mwingine ni vumbi. Moshi ya Januari na Februari, ukiacha vanishi mbichi mezani dakika kumi, unapata jiwe lenye ndevu. Mimi naweka jiwe juu ya kizibo, nalifunika na beseni lililopanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, naenda kufanya mambo mengine.

Na kama utapuliza vanishi isiyong'aa kwenye ardhi inayozunguka jiwe, hiyo itangulie, ya kung'aa ije mwisho kwa brashi, juu ya jiwe tu. Ukigeuza mpangilio unaua mng'ao wote kwa mkupuo mmoja. Usipulize siku ya mvua. Aprili moja, masika imekolea, nilipuliza kibarazani nikidhani paa linatosha, na mlima wangu mdogo ukashika ukungu mweupe kama umepakwa unga wa sembe. Niliuokoa kwa kupaka vanishi ya kung'aa juu ya ule ukungu, ukafutika sehemu kubwa, kisha nikasubiri siku kavu nianze upya kuua mng'ao pale nisipoutaka. Wiki nzima ilikwenda na maji.

Jiwe la pili: kuchora mwanga kwa brashi

Hili ndilo jiwe ninalojivunia, na ndilo ningemkataza mtu mwenye haraka. Hapa hakuna kinachong'aa kweli. Uso wote hauna mng'ao, na kila mwale ni rangi uliyoiweka mwenyewe. Ukilizungusha, mwanga hauhami. Kwenye sanamu ndogo hilo siyo kosa, maana mtazamaji anaiangalia kutoka mbele, na picha inapigwa kutoka mbele.

Chukua lile jino la rungu. Silaha yenyewe ni ya Waazteki wa Meksiko ya zamani, waliita macuahuitl: ubao bapa uliopachikwa vipande vya obsidiani pembeni. Kila jino lina nyuso mbili zinazokutana katikati. Naanza na nyeusi yenye bluu, tabaka mbili hadi tatu nyembamba, mpaka plastiki isionekane. Uso wa juu naupa kijivu chenye bluu, lakini siufuniki wote. Naanzia kwenye ukingo, navuta mkunjo kama kucha, naishia ghafla. Neno ni ghafla. Kwenye kitambaa au ngozi ungesawazisha rangi taratibu. Kwenye kioo mwanga unakatika kama umeme wa LUKU. Ndani ya ule mkunjo naweka mwingine mdogo wa kijivu cheupe zaidi. Uso wa chini unabaki mweusi, ila karibu na mkono wa shujaa napitisha kahawia kidogo, kama ardhi inajitazama humo.

Kisha ukingo. Mstari mwembamba, karibu mweupe, lakini uliokatika: unaanza, unapotea, unarudi. Mstari mzima usiokatika unafanya jiwe lionekane kibonzo. Mwisho, pale kingo mbili zinapokutana, doti nyeupe. Moja tu. Mbili ni macho, tatu ni upele.

Brashi watu wananunua ndogo mno. Brashi ya nywele tatu inakauka kabla haijafika kwenye sanamu, hasa joto letu la mchana. Namba 1 yenye ncha nzuri inashika rangi ya kutosha na bado inachora mstari wa unywele. Rangi iwe nyepesi kama maziwa mabichi. Ijaribu kwanza kwenye ukucha wa kidole gumba. Mimi naiweka kwenye kopo la siagi lenye sifongo iliyoloa, juu yake karatasi ya kuokea, inakaa siku mbili bila kukauka.

Sanamu tatu zilinila jioni nne. Vanishi ingechukua nusu saa. Lakini yule kijana alipoziona aliinama mpaka pua ikakaribia meza.

"Fundi, hii umeweka kioo?"

"Hapana. Gusa."

Akagusa, akaangalia kidole chake, akagusa tena.

Kuna wanaomalizia kwa kuweka vanishi ya kung'aa juu ya mistari waliyoichora, wakitaka kula huku na huku. Nimejaribu. Kwenye jino la rungu matokeo ni ugomvi: mwanga uliochorwa unasema jua liko kushoto, mwanga wa kweli unasema balbu iko juu. Kwenye mwamba wa chini ya miguu, ukiweka vanishi kwenye nyuso mbili tatu tu na kuacha nyingine bila mng'ao, inapendeza sana.

La tatu, kwa kifupi

Brashi kavu. Unapaka nyeusi, unachovya brashi kwenye kijivu, unaipangusa karibu yote kwenye karatasi, unapitisha juu ya kingo. Mawe ya kawaida yanatoka vizuri hivi: zege, mchanga, lava ya mapovu iliyojaa huko juu. Kioo hakitoki. Brashi kavu inaacha chengachenga za unga, na obsidiani haina unga. Hili ndilo jiwe ambalo halidanganyi hata mtoto. Nimeliacha dirishani kwa sababu linanifaa kwa mlinganisho: ukiweka mawe ya brashi kavu pembeni ya jiwe la vanishi, la vanishi linaongezeka kung'aa mara mbili bila kuguswa.

La nne: resini

Resini ni ya wenye subira na mapafu ya kutunzwa. Unachanganya resini, plastiki ya kimiminika, na hadina yake, dawa ya kuigandisha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, sawa kwa sawa au mbili kwa moja, unatia rangi nyeusi kidogo sana, unamimina kwenye kalibu ya silikoni. Inachokupa na wengine hawawezi ni ule ukingo wa chai. Ukitia nyeusi kwa tone na kuongeza chembe ya kahawia, sehemu nene inakuwa giza na sehemu nyembamba inapitisha mwanga, yenyewe, bila brashi kugusa. Ukiiweka dirishani saa moja asubuhi, jua likipenya pembeni, unakaa kimya kidogo.

Ila gharama yake siyo ya dukani tu. Kipimo kikikosewa haikauki, inabaki kama ubuyu uliolambwa. Ukimimina nene kwa mara moja inachemka na inaweza kupasuka. Julai, Moshi ikiwa na baridi, inakuwa nzito na inashika mapovu. Naziloweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuchanganya. Baada ya saa 24 unaweza kuitoa, lakini ugumu kamili unangoja siku mbili tatu. Glavu ni lazima, dirisha wazi ni lazima, kwa sababu kuna watu ngozi zao huanza kuikataa baada ya kuishika mara nyingi, na ikishakukataa imekukataa moja kwa moja.

Halafu kunolewa. Jiwe linatoka kwenye kalibu na kingo butu, unazikata kwa kisu, unasugua kwa msasa na maji, namba 400, 800, 1500, 2000, kisha dawa ya kung'arishia magari na kitambaa. Msasa bila maji usithubutu, vumbi lake halifai kuvutwa. Mawe sita yalinichukua Jumamosi nzima na mkono ukaniuma mpaka Jumatatu. Na ukiweka resini mahali pa jua kila siku inabadilika kuwa ya njano. Kwa jiwe jeusi siyo msiba, lakini ule ukingo wa chai unakuwa mkojo wa punda, samahani kwa kusema hivyo.

La tano: kitako cha chupa

Chupa ya kahawia ya bia ni kioo, obsidiani ni kioo, kwa hiyo inameguka kwa mikunjo ileile ya kombe. Hakuna fundi atakayeishinda kwa umbo. Rangi yake ni chai tayari. Ukipaka nyeusi upande wa nyuma peke yake, mbele inakuwa giza lenye kina na kingo zinabaki za kahawia. Bei yake ni kuinama chini ya kaunta ya Mangi na kuomba chupa iliyopasuka mdomo.

Na bado ni jiwe ninalolipendekeza kwa woga. Nilifunga chupa kwenye gunia, nikavaa miwani, nikagonga kwa nyundo, nikajiona mtu mwangalifu. Kilichonikata ni kipande nilichokwisha kukichagua na kukisafisha, wakati nakibandika. Sasa nasugua kila ukingo kwa msasa na maji kabla ya kugusa gundi, nikikubali kwamba makali yanapungua kidogo. Kwenye sanamu inayoshikwa na mikono haifai. Kwenye nyumba yenye watoto haifai hata ukiiweka juu ya kabati. Inafaa kwenye mandhari yaliyofungwa ndani ya boksi la kioo, pale ambapo hakuna mkono unaoingia.

Kosa la pili la chupa ni ukubwa. Kipande kikiwa kidogo, mikunjo yake inabaki mikubwa kwa kipimo cha sanamu. Shujaa anaonekana kasimama juu ya chupa, na kweli kasimama juu ya chupa.

Basi nilichagua nini

Mlima wa mapokezi nimeupa vanishi. Mwili wake ni povu gumu jeupe, lile linalokuja limezunguka televisheni kwenye boksi, limefunikwa gundi nyeupe ya mbao na tishu, kisha rangi ya maji ya ukutani. Ukifanya hivyo hakikisha limefunikwa lote kabla ya kuleta rangi ya kupuliza karibu. Ile ya mkebe inayeyusha povu kama chumvi kwenye supu, na Mawenzi yangu ya kwanza ilipata bonde ambalo ramani hailijui. Ardhi yote haina mng'ao, kijivu na kahawia, imenyunyiziwa majivu ya jikoni yaliyochekechwa kwa chujio la chai. Mawe ya obsidiani ni kumi na mawili, kumi ya jipsam, mengi yakiwa kwenye miteremko inayotazama njia inayopita Lava Tower. Mawili yaliyo juu kabisa, usawa wa jicho la mtu aliyekaa, ni ya resini. Yamegharimu zaidi ya kumi yote yale, na mgeni akiinama taa ya ukutani inapita kwenye ukingo wake.

Ningekuwa na haraka ningeacha resini. Ningekuwa na pesa zaidi nisingeongeza resini, ningeongeza siku za kuchonga jipsam, kwa sababu kila jiwe zuri kwenye mlima ule ni zuri kwa umbo kabla ya kuwa zuri kwa rangi.

Sanamu za kijana nimezichora kwa brashi, meno yote, na miamba ya chini ya miguu nimeichanganya: mistari iliyochorwa, vanishi kwenye nyuso tatu kwa kila mwamba. Kama unapaka jeshi la sanamu arobaini, usinifuate. Paka nyeusi yenye bluu, chora ukingo mmoja uliokatika kwa kila jino, weka doti, endelea na nyingine. Mezani, mita moja kutoka kwenye jicho, kazi itasimama. Mchoro kamili wekea kiongozi wao tu.

Ukiuza kwa picha mtandaoni, chora kwa brashi. Kamera ya simu ikikutana na vanishi inaona doa jeupe la mwanga na simu yenyewe ikijipiga picha. Nimefuta picha nyingi kwa sababu ya paji la uso wangu lililokuwa limejitokeza kwenye mwamba.

Tatizo la vanishi ambalo sikulifikiria nililiona wiki moja baada ya kupeleka mlima. Dada wa mapokezi alinipigia: mawe yameingia ukungu, au nimepaka rangi feki? Nikaenda. Haukuwa ukungu. Zilikuwa alama za vidole. Kila mgeni anayeonyeshwa njia anaweka kidole palepale panapometa, na kila kidole kina mafuta ya kujikinga na jua. Nikafuta kwa kitambaa laini na maji yenye tone la sabuni, mawe yakarudi. Sasa pembeni ya mlima kuna glasi yenye vijiti vya mishikaki, na mwongozaji akianza kueleza anampa mgeni kimoja mkononi kabla hajasema neno Machame.